Waacheni wanafunzi wamwage shira, ndo wataelewa volkeno

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Mimi ni mwalimu wa jiografia skuli ya upili hapa Mombasa na naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumze kuhusu volkeno. Naam, volkeno, hapa hapa Mombasa ambapo ukichimba kisima wapata matumbawe na mchanga tu. Naomba wasomaji wanivumilie manake jambo hili lahusu watoto wetu wanavyofunzwa, na lahusu pia maji yanayotoka kwenye mifereji yenu na stima mnayowasha usiku, nitafika hapo.

Kinachoniuma ni vile mada hii inavyofundishwa. Mwanafunzi anapewa orodha: koni ya majivu, koni mchanganyiko, volkeno ya ngao, kuba la lava, uwanda wa lava. Kila moja ina mchoro wake na sifa zake nne, anakariri, anaandika kwenye mtihani, anapata alama, likizo ikifika ameshasahau yote. Sasa umuulize huyo huyo aliyepata alama zote, hivi kwa nini Mauna Loa kule Hawaii imelala chini na Mlima Kenya umesimama wima? Atakwambia ile ni ngao na huu ni koni mchanganyiko. Hajajibu kitu hapo. Na si kosa lake, sisi walimu ndo tumempa majina bila kumpa sababu, na sababu yenyewe kubwa ni moja tu, nayo ni uzito wa lava. Sisemi uzito wa kwenye mizani, nasema ile namna inavyotiririka, kama ni nyepesi inakimbia ama ni nzito inajikokota, vitabuni wanaita mnato. Mtoto akishalishika hilo basi maumbo mengi anaweza kuyatoa kichwani mwake mwenyewe, hata akisahau jina mchoro utakuja.

Wacha nieleze kidogo kwa wale ambao skuli waliiacha zamani. Mwamba ulioyeyuka una silika ndani yake, hiyo silika ndo ile iliyojaa kwenye mchanga na kwenye kioo cha dirisha. Kila chembe ya silikoni inashikwa na oksijeni nne, zile oksijeni nazo zinashika silikoni nyingine, inakuwa minyororo, minyororo ikizidi inakuwa wavu, na wavu ukishaenea ule mwamba unakataa kwenda. Lava aina ya basalti ina silika kama asilimia 45 hadi 52 hivi. Aina nyingine, rayolaiti, inafika asilimia 70 na kupita. Halafu kuna joto, basalti inatoka ikiwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 za selsiasi, rayolaiti yaweza kutoka na nyuzi 700 hadi 900 tu, kwa hivyo ina silika nyingi na tena haina moto wa kutosha wa kuikata ile minyororo. Basalti ikiwa moto ni nzito kuliko maji kama mara 10,000 hadi 100,000, rayolaiti yaweza kupita mara bilioni. Hebu fikirini tofauti hiyo, vitu viwili vyote twaviita lava.

Kutoka hapo umbo laja lenyewe. Lava nyepesi ikitoka inakwenda mbali, inatandaza tabaka jembamba, mwaka mwingine laja tabaka jingine juu yake, na jingine, mpaka unapata mlima mpana usioonekana kama mlima. Mauna Loa ina mita 4,169 juu ya bahari na imechukua karibu nusu ya kisiwa kile kikubwa cha Hawaii lakini mteremko wake sehemu nyingi ni wa nyuzi chache tu. Lava nzito haina safari, inatoka mdomoni na kulala hapo hapo, inarundikana, inakuwa kuba. Na zile za katikati zinatoa lava leo na majivu kesho, tabaka juu ya tabaka, ndo unapata koni refu lililochongoka. Mlima Kenya ulikuwa hivyo, hizo ncha za Batian na Nelion zinazofika mita 5,199 ni ile lava iliyogandia kooni mwa volkeno, koni yenyewe iliyokuwa imeizunguka imeshaliwa na barafu na mvua kwa mamilioni ya miaka.

Sasa haya yote naweza kuyaandika ubaoni dakika kumi na watoto wakanakili. Wasielewe hata nusu. Kwa hivyo mimi nawaambia waje na shira.

Shira ya kaimati, hiyo hiyo, sukari na maji. Mpwani gani hajui shira? Uzuri wake ni kwamba kila nyumba yajua kuipika nyepesi na kuipika nzito, na kila mtoto ameshamuona mamake ama nyanyake akiivuta kati ya vidole viwili kuangalia kama imekamata. Basi twachukua sinia pana, upande mmoja tunauinua kwa vitabu viwili vitatu, twachora mstari wa kuanzia na mstari wa kumalizia kwa kalamu ya wino mzito, mmoja anashika saa ya simu. Kwanza mafuta ya kupikia kijiko kimoja. Halafu shira nyepesi. Halafu shira nzito iliyopoa, na kama kuna aliyeleta asali tunaitia pia, na hapa nawaambia kabisa kwamba asali ndo iko karibu na lava ya Hawaii ikiwa bado ya moto, na kwamba hakuna kitu jikoni kinachofikia rayolaiti hata kidogo. Mafuta yanafika kabla yule wa saa hajajipanga. Shira nzito inatambaa, inafanya kichwa cha mviringo mbele, inasimama kabla ya mstari na darasa zima linaikemea iende.

Hapo ndo namwambia mmoja achukue ile ile shira iliyokwama, aweke bakuli lake ndani ya maji ya moto kwa dakika chache, amwage tena. Inakwenda! Sukari ni ile ile, hakuna kilichoongezwa, kilichobadilika ni joto tu. Halafu twaipoza tena na kutia punje za mchele, punje zinasimama badala ya fuwele zinazoanza kuganda ndani ya lava inapopoa, na shira inazidi kugoma. Kwa kipindi kimoja mtoto ameona mambo matatu yanayoamua uzito wa lava, kile kilichomo ndani, joto, na fuwele, na hajaandika nots hata mstari.

Kipindi cha pili ni cha unga. Unga wa ngano na maji, mkorogo wa aina tatu, mwepesi, wa wastani na mzito wa kukaribia donge. Twachukua kipande cha boksi tunatoboa tundu katikati, chini twaweka ile chupa ya plastiki ya kubinya ya tomato iliyooshwa, mdomo wake unaingia tunduni, tunabinya polepole unga unatokea juu wenyewe kama unavyotoka ardhini. Lakini kabla ya kubinya, kila mtu achore kwenye daftari anavyodhani utakavyokaa. Hii sehemu naomba walimu wenzangu wasiiruke hata kidogo, mtoto akishachora kwanza atakodoa macho kuangalia kama mchoro wake umetoka. Baadaye wanapima kwa rula, urefu wa kwenda juu na upana wa chini, wanagawanya, wanalinganisha. Kuna kijana mmoja hakungoja tabaka la kwanza likauke akabinya tena unga mwepesi juu yake, mlima wake haukupanda ila ulizidi kutanuka mpaka ukafika ukingo wa boksi, akawaita wenzake waje waone. Mimi nilikuwa nimepanga kueleza hilo wiki iliyofuata, sikuwa na haja tena.

Tahadhari moja kwa walimu, shira ikitoka jikoni inaunguza vibaya sana na inaganda kwenye ngozi, msiwaache watoto waipike skuli wala kuibeba ikiwa ya moto. Ipikwe nyumbani, iletwe imepoa, skuli maji ya moto tu na mwalimu ndo ayashike.

Umbo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwa nini volkeno moja inatiririka na nyingine inalipuka, na hili pia limo mle mle kwenye uzito. Magma, yaani ule mwamba ulioyeyuka kabla haujatoka nje, ikiwa chini sana ina gesi iliyoyeyuka ndani yake, mvuke wa maji zaidi na kabonidayoksaidi na salfa, na haionekani, ni kama soda ambayo haijafunguliwa. Ikipanda juu mgandamizo unapungua na gesi inaanza kutoka mapovu. Lava nyepesi inaiachia gesi ijiendee. Lava nzito inaikaba, mapovu yanavimba hayana pa kutokea, mpaka siku yanapasua kila kitu. Darasani nachukua mirija na vikombe viwili, kimoja maji na kimoja uji mzito uliopoa, wapulize taratibu. Kwenye maji mapovu yanapanda na kupasuka kimya kimya. Kwenye uji povu linavimba linavimba halafu pwaa, uji uko kwenye shati. Mama zao mnisamehe kwa hizo sare.

Ndiyo maana siipendi ile volkeno ya magadi na siki ambayo kila maonyesho ya sayansi lazima uikute, mlima wa karatasi umepakwa rangi, povu jekundu linatoka juu, watu wanapiga makofi. Sina ubaya na watoto kufurahi. Lakini mtoto anatoka pale akiamini volkeno inalipuka kwa sababu dawa mbili zimekutana tumboni mwa mlima, na si kweli, halafu lile povu haliwezi kumuonyesha kwa nini mlima mmoja ni mpana na mwingine mwembamba kwa sababu mlima umeshatengenezwa kwa karatasi kabla ya kitu chochote kutoka. Mlima hujengwa na kile kinachotoka. Hilo ndo jambo lenyewe la kufundisha na lile onyesho limeligeuza juu chini.

Kwa mifano ya lava nzito nawapa miwili. Mwaka 1980 kule Marekani, Mount St. Helens, magma nzito ilipanda ikashindwa kutoka ikaanza kusukuma ubavu wa mlima, ubavu ukawa unavimba kama mita moja na nusu hadi mbili kila siku, kwa wiki kadhaa, mpaka tarehe 18 Mei ubavu ukaporomoka na mlima ukalipuka, watu 57 wakafa na kilele kikapungua kama mita 400. Na mwaka 1902 kwenye kisiwa cha Martinique, Mlima Pelée uliangamiza mji wa Saint-Pierre tarehe 8 Mei, watu kama 28,000, kwa wingu la gesi na majivu ya moto lililoshuka mlimani, na baada ya hapo lava ikasukumwa juu ikiwa ngumu karibu kabisa mpaka ikasimama nguzo ya mita 300 hivi hewani. Nguzo ya lava! Mtoto akishaona shira nyepesi na unga mzito hashangai tena vile nguzo ile iliweza kusimama.

Lakini Mhariri, kwa nini twende mpaka Marekani? Hapa nakuja kwenye jambo linalonikera zaidi, kwamba watoto wa Pwani wanaambiwa volkeno ni mambo ya bara na ya ng'ambo. Panda treni Miritini uende Nairobi. Ukishapita Voi ukiikaribia Mtito Andei na Kibwezi, hewa ikiwa safi, kushoto kwako vile vilima vya kijani vilivyopangana ni Chyulu, mamia ya koni za basalti, changa kabisa kwa hesabu ya dunia, nyingine zimelipuka katikati ya karne ya 19. Kulia kwako, ule ukuta mrefu uliokatwa sawa juu ni uwanda wa Yatta, nao ni mtiririko wa lava uliokwenda karibu kilomita 300, ni kati ya mirefu zaidi inayojulikana duniani. Ile ni fonolaiti, aina nyingine ya lava. Ilishuka ikifuata bonde la mto wa kale, ikagandia humo, halafu ardhi laini ya pembeni ikaliwa na mvua kwa mamilioni ya miaka mpaka kile kilichokuwa bondeni sasa ndo kimebaki juu. Silika yake imezidi ya basalti, ila ina sodiamu na potasiamu nyingi ambazo zinaivunja ile minyororo, ndo ikaweza kwenda mbali vile. Watoto wetu wanapita katikati ya hivyo viwili wakiangalia vidio kwenye simu kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Na Chyulu ina somo ambalo halipatikani kwenye mchoro wa kitabu. Basalti ile ile, lava nyepesi, imetengeneza maumbo mawili pale pale. Shaitani, ile lava nyeusi iliyoko Tsavo Magharibi, ilitambaa kilomita kadhaa ikagandia mawe makali ya kukwaruza viatu, imelala chini. Lakini koni zenyewe ni za wima, kwa nini? Kwa sababu lava ilipotoka na gesi nyingi ilirushwa juu vipande vipande, vikaganda hewani, vikaanguka karibu na mdomo vikarundikana, na rundo la changarawe lolote lile linasimama kwa nyuzi 30 na kidogo, haijalishi lava ilikuwa nyepesi vipi. Kwa hivyo mwanafunzi asiseme tu "lava nyepesi mlima mpana", auulize mlima wenyewe kwanza, umejengwa na lava iliyotiririka ama na vipande vilivyorushwa? Pale Chyulu kuna na mapango pia, lava nyepesi inaganda juu ikafanya dari huku chini bado inakwenda, ikiisha inaacha bomba tupu. Pango la Leviathan lina zaidi ya kilomita 11, ni kati ya marefu zaidi ya aina hiyo Afrika.

Sasa yale maji niliyowaahidi. Mvua ya Chyulu haikai juu, inazama kwenye majivu na lava yenye matundu, inasafiri chini ya ardhi, inatokea kwenye chemchemi za Mzima ikiwa safi kabisa, na kutoka Mzima kuna bomba linaloleta maji mpaka Mombasa tangu miaka ya 1950. Yaani sehemu ya maji ya mji huu imechujwa na volkeno. Na ile stima, sehemu yake inatoka Olkaria kule Naivasha, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, na Olkaria ndo pahali pa kumuonyesha mtoto lava nzito ya kwetu, makuba ya rayolaiti na vile vioo vyeusi vya asili ambavyo watu wa kale walichongea visu. Chyulu lava nyepesi, Olkaria lava nzito, na mtoto wa Kongowea anatumia vyote viwili kabla hajatoka kwenda skuli asubuhi.

Tuna na ndugu zetu wa Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro. Hapa mjini familia ngapi zina mizizi Ngazija, na sehemu kubwa ya kisiwa kile imekaliwa na Karthala, volkeno ya ngao ya mita 2,361 inayofanya kazi mpaka leo. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, majivu yakafunika vijiji na kuharibu maji ya kunywa ya watu wengi. Mwanafunzi makini atauliza, si umesema basalti hailipuki? Hapo mwalimu afurahi. Krateri, lile shimo la juu ya mlima, ilikuwa na maji, na magma ikikutana na maji yanageuka mvuke ghafla, inalipuka hata ikiwa nyepesi vipi. Wazee wa Kingazija wenye habari za kisiwa chao mkialikwa skuli tafadhali msikatae, mtoto akisikia kwa mtu aliyefagia majivu yale kwenye paa lake hatasahau.

Swali lililonifurahisha zaidi lakini lilikuwa la Ol Doinyo Lengai. Huu uko Tanzania karibu na Ziwa Natron, na ni volkeno pekee duniani iliyo hai inayotoa lava ya kabonati, ya sodiamu na potasiamu, silika karibu haimo kabisa. Inatoka na nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya joto la basalti, mchana inaonekana nyeusi kama tope, na inakimbia kuliko lava nyingine yoyote, karibu na yale mafuta ya kupikia kwenye sinia letu. Baada ya muda mfupi ikipata unyevu inageuka nyeupe. Napenda kuifundisha kwa sababu inamkamata mtoto aliyekariri kwamba lava ya moto zaidi ndo nyepesi zaidi, hii ni ya baridi kuliko zote na ndo nyepesi kuliko zote, kwa hivyo arudi kwenye minyororo ya silika, hapa minyororo hakuna. Basi nikaonyesha picha ya mlima kwenye simu, na msichana mmoja akainua mkono, "Sasa mwalimu mbona umechongoka hivyo? Si ulifaa uwe umelala?"

Swali gani hilo! Darasa likanyamaza likaniangalia. Nikawaachia wenyewe walijadili mpaka kengele, na kuna aliyekaribia sana, alisema labda lava hii imekuja juzi juu ya mlima wa zamani. Ndivyo. Sehemu kubwa ya koni ya Lengai ni majivu na vipande vya milipuko ya magma nyingine, yenye silika, lava ya kabonati ni tabaka dogo tu la juu. Hata mwaka 2007 na 2008 mlima uliacha kutiririka ukalipua majivu. Na Nyiragongo kule Kongo nao una koni la wima na lava yake ni nyepesi mno, silika karibu asilimia 40, mwaka 1977 lile ziwa la lava lilipasua kuta likamwagika lote chini ya saa moja likawafikia watu kabla hawajakimbia, na tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji wa Goma mpaka Ziwa Kivu ikala na upande mmoja wa uwanja wa ndege. Kwa hivyo kujua lava ya mlima wa jirani yako ni nyepesi ama nzito ni kujua ukimbie lini na ukimbilie wapi.

Hata Kwale hapo ng'ambo ya feri tuna kipande chetu. Mrima, kile kilima chenye msitu wa kaya, mwamba wake ni kabonatiti, jamii ya lava ya Lengai ingawa huu ni wa kalsiamu, ni mabaki ya magma ya zamani sana iliyogandia chini ya ardhi. Jombo jirani yake nao ni magma iliyoganda. Nimekutana na walimu Kwale kwenyewe ambao hawajawahi kuambiwa.

Ombi langu ni kwa watu wachache. Wanaotunga mitihani ya mwigo ya kaunti, punguzeni "taja sifa nne", mpeni mtoto silika asilimia kadha, joto kadha, muambieni achore mlima na aeleze. Mtaala wa umilisi unataka mtoto afanye kwa mikono yake, basi na mtihani umuulize alichofanya. Walimu wakuu, ile safari ya mwaka ya kwenda kuzunguka Nairobi na kupiga picha, angalau basi likate kona Mtito Andei, muingie Tsavo Magharibi muone Shaitani na Mzima siku moja, ni karibu kuliko Nairobi na maji mnayaona yakitoka. Skuli ambazo hazina uwezo huo, shira na unga ni pesa ya chai tu, na skuli moja nayoijua ilimkataza mwalimu kufanya hata hilo ati anachafua darasa, jambo hilo lilinisikitisha sana.

Na kwako Mhariri, ukurasa wa elimu unaotoa maswali ya mtihani kila wiki, naomba siku moja moja utoe jaribio la kufanya nyumbani badala ya maswali, hata nusu safu. Naweza kuandika la kwanza bila malipo, la shira. Walimu wenzangu wa Likoni, Changamwe, Kilifi, Taveta mlioko chini ya Kilimanjaro na Ziwa Chala, kama mna mwenye kujaribu unga wa muhogo badala ya ngano, andikeni kwenye safu hii hii ulikaaje, mimi wangu ulipasuka ulipokauka na sijajua kama ni maji yalizidi ama ni unga wenyewe.

Wako,
Mwalimu wa Jiografia,
Kisauni, Mombasa.